Umbizo la Disketi na Hatima ya Maandishi ya Kiswahili: Mifano kutoka Eldoret

Utangulizi

Mtu anapotia disketi ya zamani katika tarakilishi yenye mfumo wa Windows, aghalabu hukutana na ujumbe mfupi unaomwarifu kwamba disketi haijaumbizwa na kumwuliza iwapo angependa iumbizwe sasa. Swali hilo limeandikwa kwa upole, kana kwamba mashine inajitolea kusaidia. Mwanafunzi aliyeazimwa disketi yenye tasnifu ya mwaka 1996, au yenye ngano zilizokusanywa nyanjani kwa miezi mingi, akibonyeza kitufe cha kukubali huwa amefuta kazi ambayo pengine haina nakala nyingine popote. La kusikitisha zaidi ni kwamba huenda disketi yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kiendeshi kinachofaa kuisoma.

Makala haya yanadai kwamba neno umbizo, jinsi linavyotumiwa katika mazungumzo na mafunzo ya tarakilishi, limebebeshwa dhana tatu zilizo tofauti, na kwamba kuzichanganya dhana hizo ndiko kunakomfanya mtu abonyeze kitufe kisichofaa. Dhana ya kwanza ni mpangilio wa alama za sumaku juu ya disketi. Ya pili ni mpangilio wa faili ndani ya alama hizo. Ya tatu ni namna programu ya uandishi ilivyohifadhi herufi ndani ya faili. Disketi inaweza kuwa na kasoro katika tabaka moja huku mengine mawili yakiwa salama kabisa. Mifano inayotumiwa hapa inatokana hasa na tarakilishi zilizoundwa kwa vipuri, kwa kuwa mashine za aina hiyo hazikufuata desturi moja, na fundi aliyeziunda ndiye aliyeamua ziwe na kiendeshi gani.

Istilahi zilizochelewa

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, disketi ilikuwa daftari la mwanafunzi wa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina bewa lake kuu Kesses, kusini mwa Eldoret, na mwanafunzi aliyehitaji kuchapiwa kazi yake mjini aliibeba disketi mfukoni. Hata wanafunzi wa shule za upili waliijua: watahiniwa wa KCSE katika somo la tarakilishi walihifadhi majibu ya karatasi ya vitendo katika disketi, kabla ya CD kuchukua nafasi yake.

Hata hivyo, istilahi za Kiswahili za teknolojia hii zilikuja kwa kuchelewa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kufikia wakati huo disketi ilikwisha kuanza kuaga. Kampuni ya Apple ilikuwa imetoa tarakilishi ya iMac isiyo na kiendeshi cha disketi tangu mwaka 1998, na Sony ingekoma kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011. Istilahi, basi, zilipokelewa na watumiaji wakati kitu kinachotajwa kilikuwa kikiondoka mezani. Ndiyo maana msamiati wa disketi haukupata muda wa kukomaa. Wapo wasemao fomati na wapo wasemao umbizo. Wapo wasemao diski laini na wapo wasemao disketi. Tofauti hizo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba kila moja ya istilahi za umbizo hutumiwa kwa tabaka zote tatu bila kubagua.

Kupima shamba

Mji wa Eldoret ulianzia katika shamba nambari 64, ambapo posta ilifunguliwa mwaka 1910. Hadi leo wakazi wengi huuita Sisibo, yaani sitini na nne, ingawa umekwisha kupandishwa hadhi na kuwa jiji mwaka 2024. (Msomaji wa ushairi atakumbuka kwamba ubeti wa tarbia wenye mizani 16 katika kila mshororo una mizani 64 pia, lakini hilo ni sadfa tu.) Historia hii ya mashamba yaliyopewa nambari inafaa sana kuelezea disketi. Disketi mpya isiyoumbizwa ni ardhi tupu: ipo, ina rutuba, ila haina kigingi hata kimoja. Kuumbiza katika tabaka la kwanza ni kupima. Kichwa cha kiendeshi huchora njia za mviringo, kisha kila njia hukatwa vipande viitwavyo sekta, na kila sekta hupewa nambari yake.

Hesabu ya vipimo hivyo si ngumu. Disketi ya inchi 8, iliyoletwa na IBM mwaka 1971, ilikuwa na mpangilio uliokuja kuenea sana wa njia 77, sekta 26 kwa kila njia, na baiti 128 kwa kila sekta. Jumla yake ni baiti 256,256. Mpangilio huo ndio uliotumiwa kusambaza mfumo wa CP/M kwa watu waliojiundia tarakilishi, kama wale walionunua ubao wa Big Board mwaka 1980 na kuuunga kwa mikono yao. Disketi ya inchi 5.25, iliyotolewa na kampuni ya Shugart mwaka 1976, ilileta vurugu. Kila mtengenezaji alipima shamba lake apendavyo, hivyo disketi iliyoandikwa na tarakilishi ya Osborne haikusomeka moja kwa moja katika ile ya Kaypro, ijapokuwa zote mbili zilitumia CP/M na disketi zenyewe zilifanana kwa macho.

Tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981 na zile zilizoiga muundo wake zilipunguza vurugu hizo, japo hazikuzimaliza. Disketi ya inchi 5.25 yenye kilobaiti 360 ina nyuso 2, njia 40 katika kila uso, na sekta 9 zenye baiti 512 kila moja. Ile ya megabaiti 1.2, iliyokuja mwaka 1984, ina njia 80 na sekta 15. Disketi ya inchi 3.5 ilipatikana kwa kilobaiti 720, yaani njia 80 na sekta 9, na baadaye kwa ile inayoitwa megabaiti 1.44, yenye njia 80 na sekta 18. Jina hili la mwisho lina kichekesho chake. Baiti 1,474,560 si megabaiti 1.44 kwa hesabu ya mamilioni wala kwa hesabu ya vipeo vya mbili. Ni kilobaiti 1,440 za baiti 1,024 kila moja, kisha mtu akaweka nukta penye elfu. Wanaisimu wanaolalamika kuhusu istilahi zisizo na mantiki wanaweza kujifariji kidogo hapo.

Baada ya kupima, panahitajika sajili ya ardhi. Hili ndilo tabaka la pili. Katika disketi ya megabaiti 1.44 iliyoumbizwa na MS-DOS au Windows, sekta 33 za mwanzo hutengwa: 1 ya kuanzishia, 18 za nakala mbili za daftari linaloonyesha sehemu zilizotumika, na 14 za orodha ya majina ya faili. Zinazobakia ni sekta 2,847, sawa na baiti 1,457,664. Ukurasa wa maandishi ya kawaida ukikadiriwa kuwa na alama 2,000, disketi moja ilitosha kurasa zaidi ya 700 za matini tupu. Tasnifu nzima ya uzamili iliingia na nafasi ikabaki.

Tofauti baina ya tabaka la kwanza na la pili ndiyo inayoeleza kwa nini kufuta si kufuta kumoja. Umbizo la haraka huteketeza sajili na kuacha mashamba na mazao yake yalivyo. Mtaalamu aliye na subira anaweza kuyakusanya maandishi sekta kwa sekta. Umbizo kamili lisilo na masharti hulima upya shamba lote. Baada ya hapo hakuna cha kukusanya.

Kiendeshi kinapodanganyika

Ni lini, basi, tarakilishi husema disketi haijaumbizwa ilhali imeumbizwa? Mfano bora unatokana na tundu dogo. Disketi ya inchi 3.5 ya megabaiti 1.44 ina matundu mawili katika pembe zake: moja la kuzuia maandishi, lenye kifuniko kinachosukumwa, na jingine lililo wazi daima, linalokiarifu kiendeshi kwamba disketi ni ya ujazo mkubwa. Disketi ya kilobaiti 720 haina tundu hilo la pili. Viendeshi vya zamani vya kilobaiti 720 havikuwa na uwezo wa kulitambua tundu hilo, kwa hiyo mtu aliyenunua disketi ya ujazo mkubwa na kuitumia katika tarakilishi ya zamani aliiumbiza kwa kilobaiti 720 bila kizuizi chochote. Disketi hiyo ikitiwa leo katika kiendeshi cha kisasa zaidi, kiendeshi huona tundu, hutarajia sekta 18, hakizipati, kisha mfumo hutangaza kwamba disketi haijaumbizwa. Tiba yake ni kipande cha selotepu isiyopenya mwanga. Tundu likizibwa, disketi husomeka.

Kinyume chake pia kilitokea. Kwa kuwa disketi za kilobaiti 720 zilikuwa rahisi kwa bei, wapo waliozitoboa ili zipokee megabaiti 1.44. Utando wa sumaku wa disketi hizo haukukusudiwa kubeba alama zilizosongamana kiasi hicho, na maandishi yake hufifia mapema. Za namna hii zisizibwe tundu, na zinakiliwe kabla ya nyingine zote.

Kwa disketi za inchi 5.25 hila ni nyingine. Kiendeshi cha megabaiti 1.2 kina kichwa chembamba, nusu ya upana wa kile cha kilobaiti 360. Kikiandika juu ya disketi iliyokwisha kuandikwa na kiendeshi cha zamani, huacha mabaki ya maandishi ya awali kandokando ya njia mpya, mithili ya mtu anayeandika kwa kalamu ya wino mwembamba juu ya chaki ambayo haikufutika vyema. Kichwa kipana kikirejea kusoma, husikia sauti mbili kwa pamoja. Nazo disketi za Macintosh za kilobaiti 800 ziliandikwa kwa kasi inayobadilika kadiri kichwa kinavyoelekea katikati, hivyo kiendeshi cha kawaida cha tarakilishi za mkondo wa IBM hakiwezi kuzisoma kamwe, hata disketi iwe mpya kiasi gani.

Katika tarakilishi zilizoundwa kwa vipuri kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayofaa kuzingatiwa zaidi na idara za Kiswahili. Kichwa cha kiendeshi kikiwa kimehama kidogo kutoka mahali pake, kiendeshi hicho huandika njia zilizohama vilevile na huzisoma bila shida, ila kiendeshi kingine hakizioni. Mtumiaji hakugundua kasoro hiyo kwa miaka mingi kwa sababu mashine yake ilijielewa yenyewe. Kwa hivyo tarakilishi kuukuu iliyoandika disketi mara nyingi ndiyo msomaji bora wa disketi hizo. Inapouzwa kama vyuma chakavu wakati disketi zimebaki kabatini, ufunguo hutupwa na kufuli huhifadhiwa.

Mashine kama hiyo ikipatikana, kuifufua si kazi ya kutisha. Kebo ya kiendeshi ni bapa, ina nyaya 34, na ukingo wake mmoja una mstari wa rangi unaoonyesha waya wa kwanza. Karibu na mwisho wake, nyaya za 10 hadi 16 zimepindwa. Kiendeshi kilichounganishwa baada ya pindo hilo ndicho A, na kilicho kabla yake ni B. Taa ya kiendeshi ikiwaka mara tu umeme unapowashwa na isizimike, kebo imegeuzwa. Aidha, betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu huwa imekufa, na tarakilishi huwa imesahau ina kiendeshi cha aina gani. Sharti iambiwe upya katika ukurasa wa mipangilio kabla ya disketi yoyote kutiwa. Viendeshi vya nje vya USB vinavyouzwa siku hizi hufaa kwa disketi za inchi 3.5 pekee, na haviwezi kumsaidia mwenye disketi za inchi 5.25.

Kabla ya yote hayo, disketi izuiwe isiandikwe. Hapa pia pana mtego. Disketi ya inchi 3.5 huzuiwa kwa kuacha tundu la kifuniko wazi. Ya inchi 5.25 huzuiwa kwa kuziba pengo la ubavuni. Ya inchi 8 ni kinyume tena: pengo likiwa wazi haiandikiki. Kisha disketi itazamwe. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huenda ikawa rafiki wa disketi kuliko joto la Mombasa, lakini msimu wa mvua una unyevu, na unyevu huleta ukungu. Disketi yenye madoa ya ukungu isitiwe katika kiendeshi kabla ya kusafishwa, kwani itaharibika yenyewe na kukichafua kichwa kitakachosoma disketi zinazofuata. Disketi iliyo safi inakiliwe yote kwa mara moja kama taswira, sekta ya kwanza hadi ya mwisho, kwa programu kama ddrescue, na kazi yote inayofuata ifanywe juu ya taswira hiyo. Ikishindikana, vipo vifaa kama Greaseweazle ambavyo hurekodi mawimbi ya sumaku yenyewe bila kujali shamba lilipimwaje, ili upimaji ufanywe baadaye kwa hesabu.

Irabu za mwisho na king'ong'o

Tuseme faili imepatikana. Hapo ndipo tabaka la tatu huanza, na hapo mwanafunzi wa Kiswahili ana ujuzi ambao fundi hana.

Kiswahili kinachoandikwa kwa hati za Kirumi kina bahati kubwa. Herufi zake zote zimo katika zile 128 za msingi zilizokubaliwa na karibu tarakilishi zote, na hakihitaji vitone wala vikofia juu ya irabu. Kwa sababu hiyo, hata programu iliyoandika faili ikiwa imetoweka, faili ikifunguliwa kama matini tupu maneno huonekana katikati ya vurumai za alama. Hali si hivyo kwa matini za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambapo mifumo ya zamani haikuafikiana nambari ipi iwakilishe herufi ipi. Huko uokoaji ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Zingatia faili za WordStar, programu iliyotumiwa sana katika miaka ya 1980. Matoleo yake ya awali yaliongeza 128 kwenye nambari ya herufi ya mwisho ya kila neno, ili kurahisisha usawazishaji wa mistari. Kwa Kiingereza, ambacho maneno yake huishia na herufi za kila aina, matokeo ni fujo. Kwa Kiswahili matokeo yana mpangilio wa kupendeza. Kwa kuwa silabi za Kiswahili aghalabu ni wazi, karibu kila neno huishia na irabu, na irabu ni tano tu. Faili ikitazamwa katika MS-DOS, a huonekana kama ß, e kama σ, i kama Θ, o kama ∩, na u kama ⌡. Mtoto huwa mtot∩, kitabu huwa kitab⌡, shamba huwa shambß. Anayejua muundo wa silabi za Kiswahili atautambua utaratibu huo kwa kusoma mistari miwili, hata kama hajapata kuisikia WordStar, na atarejesha matini yote kwa kubadilisha alama tano. Maneno ya mkopo yaishiayo na konsonanti na majina ya watu ndiyo yatakayodai uangalifu.

Kuna sauti moja tu inayoleta udhia wa kudumu, nayo ni king'ong'o cha ng', chenye ritifaa. Programu za uandishi za miaka ya 1990, hasa Word, ziligeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda kwa ajili ya urembo. Ritifaa iliyopinda haimo katika zile herufi 128. Katika Windows ilipewa nambari 146, nambari ambayo katika MS-DOS ni Æ na katika Macintosh ni í. Neno ng'ombe likihama kutoka mashine moja hadi nyingine likawa ngÆombe au ngíombe, na mifumo ya leo pengine itaonyesha alama ya kuuliza. Katika eneo la Eldoret tatizo hili liligusa pia majina ya Kikalenjin yenye ritifaa hiyo, kama vile Kiplang'at, hivyo hata jina la msimulizi aliyetoa ngano lingeweza kuvurugika.

Mhariri mwenye haraka huzifuta alama hizo ngeni zote kwa amri moja. Matini huonekana safi, na kosa huwa limejificha. Ng'ombe aliyekuwa ngombe atagunduliwa na kila msomaji. Lakini ng'oa ikigeuka ngoa, linalobaki ni neno halali la Kiswahili lenye maana ya wivu au tamaa, na katika shairi lililookolewa kutoka kwenye disketi hakuna kikagua tahajia kitakachotambua kwamba mshairi alikuwa akizungumzia kung'oa mti. Alama hizo hazina budi kubadilishwa moja moja, neno likisomwa katika muktadha wake, huku taswira ya disketi ikiwa imehifadhiwa pembeni kwa ajili ya kulinganisha.